Klabu Changa ya Pemba Hupanda Mpaka Wapi?

Mwaka 2003 ubingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar ulivuka bahari ukaenda Wete. Jamhuri ndiyo iliyouchukua, tena wakati ambao Mlandege ilikuwa imeutwaa mara sita katika miaka saba na wengi walishauona kuwa mali ya mji wa Unguja. Miaka zaidi ya ishirini imepita tangu siku ile, na Pemba haijaacha kutoa timu. Mwenge, jirani na mtani wa Jamhuri pale pale Wete, ipo. Zimekuja Hard Rock, Opec, Kizimbani, Selem View, Chipukizi, na karibuni zaidi Junguni United na Tekeleza. Nyingi kati ya hizi zimepita njia ileile: zinapanda daraja kwa kishindo, zinavuma msimu mmoja au miwili, uwanja wa Gombani unajaa watu, kisha nguvu zinaisha. Ama zinashuka, ama zinabaki zikipigania kutoshuka.

Ukiuliza sababu kwenye baraza yoyote ya Chake Chake utapewa majibu matatu kabla kahawa haijapoa. La kwanza, Pemba hakuna pesa. La pili, wakubwa wa mpira wako Unguja na wanajipendelea. La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini kidogo, ni kwamba Wapemba wenyewe hawasaidiani. Yote matatu yana chembe ya kweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza jinsi kijana wa miaka ishirini na mbili, aliyelelewa na klabu ya kijijini kwao tangu hajaota ndevu, anavyoondoka bure bilashi katikati ya msimu huku klabu yake ikimpungia mkono na kumtakia kheri. Jambo hilo linajirudia mwaka baada ya mwaka, na ndilo la kuanza nalo.

Tazama orodha ya mabingwa. Kuanzia 2013 hadi 2024 kulitolewa mataji kumi na mawili ya Ligi Kuu. KMKM ilichukua sita, JKU matatu, Mafunzo moja, Zimamoto moja. Lililobaki, la mwaka 2020, lilikwenda Mlandege. Kwa maneno mengine, mataji kumi na moja kati ya kumi na mawili yalikwenda kwenye timu za vikosi vya Serikali: kikosi cha kuzuia magendo, jeshi la kujenga uchumi, vyuo vya mafunzo (yaani magereza), wazima moto. Ukiongeza KVZ ya valantia, Polisi, Uhamiaji na Kipanga ya wanajeshi, unaona kwamba ngazi ya juu ya mpira wa Zanzibar inakaliwa zaidi na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi nyingine.

Hapa ndipo wachambuzi wengi wanapoteleza. Wanazihesabu timu za vikosi kama klabu tajiri, halafu wanashangaa mbona utajiri wenyewe hauonekani: viwanja vya mazoezi ni vya kawaida, usafiri ni wa kawaida, makocha ni haohao wanaozunguka. Nguvu ya kikosi iko kwenye ajira. Mchezaji anayechukuliwa na KMKM au JKU anaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Akivunjika mguu, mshahara unaendelea. Akifika miaka thelathini na tano na kasi imekwisha, anavua njumu na kubaki na gwanda, na mbele yake kuna kiinua mgongo. Klabu ya uraiani, iwe ya Unguja au Pemba, ingehitaji pesa za ajabu kumpa kijana ahadi ya aina hiyo. Mama wa kijana hahitaji hesabu ndefu, na baba akisikia neno ajira mazungumzo yamekwisha.

Simlaumu mzazi wala kijana. Wala vikosi havistahili kugeuzwa mashetani wa hadithi hii, kwa sababu bila wao ligi ya Zanzibar ingekuwa imekonda zaidi. Vimewapa mamia ya vijana maisha ambayo mpira peke yake usingewapa. Kinachonishughulisha ni matokeo yake kwa klabu iliyomlea mchezaji. Nchi nyingine, timu kubwa ikimchukua kijana wa timu ndogo huacha kitu: ada ya uhamisho, fidia ya malezi, angalau mechi ya kirafiki yenye kiingilio. Kikosi hakinunui mchezaji. Kikosi kinaajiri askari, na askari huyo kwa bahati anajua mpira. Kwa hiyo klabu ya kijijini haina wa kumdai. Inabaki na picha ya timu ukutani na pengo katika nafasi ya kiungo.

Kuna kejeli ndogo hapa ambayo Wapemba wazee hawaikosi. KMKM iliundwa kuzuia magendo, na magendo yaliyoipa Pemba sifa kuliko yote ni ya karafuu kuvushwa usiku kwenda pwani ya Kenya. Leo mali inayovuka kutoka Pemba mchana kweupe ni vijana wenye miguu mizuri, na anayewapokea ni kikosi chenyewe.

Basi klabu changa ya Pemba inapanda kwa kutumia nini? Inapanda kwa kizazi. Hili halisemwi sana, lakini ukiifuatilia timu yoyote iliyotoka daraja la chini Pemba na kufika Ligi Kuu utakuta ina kundi la vijana saba au wanane waliocheza pamoja tangu ligi za watoto za wilaya, zile Juvenile, Junior na Central ambazo Wazanzibari wanazijua kwa majina hayo hayo. Wamesoma skuli moja, madrasa moja, wanajuana mpaka kwa kukonyezana. Juu yao anaongezwa mkongwe mmoja aliyewahi kucheza Unguja na kipa mzoefu. Kundi kama hilo linaweza kupanda madaraja mawili kwa posho ya maji na nauli. Likishafika juu, linaonekana. Na likishaonekana, linachunwa. Msimu wa pili klabu inalazimika kujaza nafasi nne au tano kwa kusajili, na kusajili ndiko kusikowezekana bila pesa. Kwa hiyo kinachoitwa kuporomoka kwa timu za Pemba mara nyingi ni kizazi kimoja kutawanyika, na klabu haikuwa na kizazi cha pili nyuma yake.

Bahari nayo ina mchango wake, na mchango huo haubishaniwi na mtu aliyewahi kupanga safari ya timu. Pemba iko takriban kilomita hamsini kaskazini ya Unguja. Timu ya Micheweni au Wete inayokwenda kucheza Unguja lazima kwanza ishuke kisiwa chote mpaka bandari ya Mkoani, ipande boti, ivuke kwa saa kadhaa, ilale, icheze saa kumi jioni kesho yake, ilale tena, irudi. Watu zaidi ya ishirini, chakula, malazi, nauli. Wakati wa upepo mkali safari yenyewe ni mtihani na wachezaji wanafika wamelegea. Timu ya Unguja nayo huvuka kuja Pemba, lakini huvuka mara chache tu kwa msimu kwa sababu wenzake wengi wako mjini. Timu ya Pemba ndiyo inayoishi baharini. Katika msimu wa 2024/25 Ligi Kuu ilikuwa na timu kumi na sita, na za Pemba zilikuwa Junguni United, Mwenge, Chipukizi United na Tekeleza. Piga hesabu ya safari mwenyewe.

Kwa misimu kadhaa hadi 2017/18 tatizo hili lilitibiwa kwa kuugawa mpira. Kulikuwa na kanda ya Unguja na kanda ya Pemba, kila kanda ikicheza ligi yake, kisha timu nne bora za kila upande zinakutana kwenye Nane Bora kumtafuta bingwa. Wapo wanaoukumbuka mfumo ule kwa mapenzi, na naelewa kwa nini. Klabu ya Pemba ilikuwa na uhakika wa mechi nyingi karibu na nyumbani, watani wakakutana, Gombani na Finya zikapata watu, gharama zikapungua. Na kila mwaka timu nne za Pemba zilikuwa na haki ya kujiita bora za Zanzibar.

Mimi siupendi mfumo ule, ingawa najua nitapingwa Chake. Ulificha pengo badala ya kulipunguza. Timu ingeweza kuongoza kanda ya Pemba kwa raha, kisha ikaingia Nane Bora na kugundua ndani ya wiki mbili kwamba kasi ya mpira wa upande wa pili ni nyingine. JKU ilichukua ubingwa wa 2017 na wa 2018 katika zama hizo, na kanda ya Pemba haikuwa na jibu. Ligi ya pamoja iliyofuata ilikuwa katili zaidi kwa mfuko wa klabu ndogo, lakini ilimlazimisha kijana wa Konde au Gando akutane na beki wa KMKM mara mbili kwa mwaka, na mchezaji hujifunza kwa njia hiyo tu. Kilichotakiwa ni ligi ya pamoja pamoja na mfuko wa kuvukia bahari: gharama ya boti iwe mzigo wa ligi nzima, si wa timu iliyozaliwa upande wa kaskazini. Udhamini wa Benki ya Watu wa Zanzibar, ulioipa ligi jina la PBZ, ulileta nafasi ya kulizungumza hilo kwa uzito. Fedha za mdhamini zikigawanywa sawasawa kwa timu zote kumi na sita, haki inaonekana kutendeka, lakini timu ya Pemba inaanza msimu ikiwa nyuma kwa nauli.

Suala la pesa lenyewe lina sura mbili Pemba. Ya kwanza ni karafuu. Kisiwa hiki ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na mkarafuu ni mti wa mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Mavuno yakiwa makubwa, kijijini pesa zinaonekana: jezi mpya, mpira mpya, ng'ombe wa bonanza. Wachezaji wenyewe hawaonekani mazoezini kwa sababu wako juu ya miti wakichuma. Mavuno yakiwa madogo, mchango wa timu ni wa kwanza kukatwa. Klabu haiwezi kupanga misimu mitatu mbele kwa pato la namna hiyo.

Sura ya pili ni watu walioondoka. Mpemba ni msafiri. Yuko Kariakoo anauza nguo na vyombo, yuko Tanga, yuko Mombasa, yuko Muscat, yuko Uingereza. Hasahau kwao. Amechimba visima, amejenga misikiti, amepaka rangi skuli, na mara nyingi pia amenunua jezi za timu ya kijiji. Lakini mchango wa aina hiyo hutolewa kwa tukio, si kwa mwezi. Timu ikiingia fainali simu zinapigwa, makundi ya simu yanachangamka, pesa zinatumwa ndani ya siku moja. Mwezi wa pili wa ligi, timu ikiwa ya kumi na mbili na kocha anadai, simu zinaita tu. Klabu inayotegemea wahamiaji ina marafiki wengi wa fainali.

Ndiyo maana jicho la kila klabu changa humtafuta mfadhili mmoja mwenye mfuko mrefu, na mfano anaopewa kila mtu ni Azam. Ilianza 2004 kama timu ya wafanyakazi wa kampuni za Said Salim Bakhresa, mwenyewe mzaliwa wa Zanzibar, ikiitwa Mzizima. Mwaka 2008 ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara, na msimu wa 2013/14 ikawa bingwa bila kupoteza mechi hata moja. Miaka kumi kutoka timu ya kazini hadi ubingwa mbele ya Simba na Yanga! Njiani ilijenga uwanja wake Chamazi. Hakuna klabu changa Afrika Mashariki iliyopanda kwa mpangilio kama ule.

Lakini Azam ni mfano unaodanganya, kwa sababu mfadhili wake hakuondoka. Mfano wa kawaida zaidi uko Singida. Singida Big Stars ilipanda kwa kasi, ikafika fainali ya Kombe la Mapinduzi Januari 2023 na kufungwa na Mlandege. Muda si mrefu ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate ikahamia Babati. Singida nayo haikubaki bila timu: Ihefu, iliyokuwa fahari ya Mbarali kule Mbeya, mwaka 2024 ikageuzwa Singida Black Stars. Watu wa Mbarali walioipandisha timu yao walilala nayo wakaamka bila nayo. Kwa mujibu wa karatasi klabu ni ya mwenye kulipa. Sasa fikiria jambo hilo Pemba, mahali ambapo jina la timu ni jina la kijiji. Mfadhili akiihamisha Junguni kutoka Junguni, kitabaki nini cha kuitwa klabu?

Mlandege inanipa matumaini zaidi kuliko Azam, ingawa iko Unguja. Ni ya uraiani, haina mishahara ya Serikali ya kugawa, na ilishazama kwa miaka mingi baada ya enzi zake za mwanzoni mwa karne. Ikarudi kuchukua ligi 2020, ikatwaa Kombe la Mapinduzi 2023, ikalirudia 2024 kwa kuifunga Simba bao 1–0 katika uwanja wa Amaan uliokuwa umetoka kukarabatiwa, na 2025 ikawa bingwa wa Zanzibar tena. Iligeukia kule ambako vikosi havishindani: wachezaji wa kutoka nje, wakiwemo Waganda, ambao hawawezi kuajiriwa kuwa askari wa Zanzibar na kwa hiyo hawachukuliwi na kikosi. Ni ujanja wa sokoni kabisa. Una gharama yake, na klabu ya Pemba isiyo na watazamaji wa mjini itaumizwa na gharama hiyo, lakini unathibitisha kwamba ukuta wa vikosi una mlango.

Sasa tutoke nje ya visiwa kidogo. Latvia, kwenye Bahari ya Baltiki, ina watu wasiofika milioni mbili. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu 1,889,773. Ni kama ndugu wa umri mmoja kwa idadi ya watu, ingawa kwa pato la mtu mmoja hawana ulinganifu wowote, na baridi ya kule huwezi kuiuza Mkoani. Mpira si mchezo unaotawala kule. Wao ni watu wa magongo ya barafuni na mpira wa kikapu. Hata hivyo angalia klabu mbili za mji wa Riga. Riga FC ilizaliwa 2014 kwa kuunganisha timu mbili ndogo, ikaingia ligi kuu 2016, ikawa bingwa 2018, 2019 na 2020. RFS, ambayo jina lake kamili lina maana ya skuli ya mpira ya Riga, nayo iliingia ligi kuu 2016. Ikatwaa ubingwa 2021, 2023 na 2024, ikafika hatua kuu ya Ligi ya Europa, na Januari 2025 ikaifunga Ajax ya Amsterdam bao 1–0. Miaka tisa kutoka kupanda daraja hadi kuifunga Ajax.

Pesa zilikuwepo, hilo lisifichwe. Lakini kuna jambo la pili, na ndilo linalotuhusu. Ubingwa wa Latvia, hata ukiwa wa ligi ndogo na viwanja vitupu, unafungua mlango wa mashindano ya Ulaya, na UEFA humlipa anayeingia raundi za mwanzo hata akitolewa: laki kadhaa za yuro. Kwa klabu ndogo pesa hizo ni bajeti ya mwaka. Mwekezaji wa Riga anajua kwamba akipanda, juu kuna kitu. Latvia ilipata tena uhuru wake 1991 na mwaka uliofuata ikawa ndani ya UEFA. 2004 timu yake ya taifa ilicheza fainali za Ulaya nchini Ureno.

Zanzibar ilikuwa na miezi minne ya ndoto kama hiyo. Machi 2017, mjini Addis Ababa, CAF iliipa uanachama kamili, wa 55. Julai mwaka huohuo uanachama ukafutwa, rais mpya wa CAF, Ahmad Ahmad, akieleza kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. FIFA haikuwahi kufungua mlango. Na kejeli ya mwaka huo ni kwamba Desemba, kule Kenya, timu ya taifa, Zanzibar Heroes, ilifika fainali ya Kombe la CECAFA na kufungwa na wenyeji kwa penalti. Kwa klabu mambo si mabaya kiasi hicho: tangu 2004 Zanzibar inaingiza wawakilishi wake katika mashindano ya klabu ya Afrika, bingwa kwenye Ligi ya Mabingwa na timu nyingine kwenye Kombe la Shirikisho. Jamhuri yenyewe ilicheza Ligi ya Mabingwa 2013 na kutolewa na Saint George ya Ethiopia. Ngazi ipo basi. Ila kipandio cha kwanza kiko juu mno. Oktoba 2025 KMKM, timu iliyobeba nusu ya mataji yale kumi na mawili, ilikutana na Azam katika Kombe la Shirikisho na kutoka kwa jumla ya mabao 9–0. Ikiwa kikosi chenye ajira kinapigwa kapu la namna hiyo na klabu changa ya ng'ambo, timu ya kijiji cha Wete itajiandaa kwa nini?

Wengine wanasema basi tusubiri uanachama wa CAF. Sikubaliani. Uanachama ungeleta pesa za miradi na mechi za timu ya taifa, na fedha hizo zingeanzia mjini. Kijana wa Junguni angeendelea kuchukuliwa bure. Lililo mikononi mwa Wazanzibari wenyewe, bila kuomba ruhusa Cairo wala Zurich, ni kanuni za usajili za ZFF, shirikisho la mpira la Zanzibar. Shirikisho hilo linaweza kuamua kwamba timu yoyote ya Ligi Kuu, iwe ya kikosi au ya uraiani, ikimsajili mchezaji wa chini ya miaka ishirini na tatu kutoka klabu nyingine ya Zanzibar, inalipa fidia ya malezi kwa kiwango kilichopangwa, hata kama ni milioni moja au mbili. Kikosi kitasema hakina fungu la kununua wachezaji. Basi kilipe kwa njia nyingine: kimwache mchezaji acheze msimu mmoja kwa mkopo kwenye klabu iliyomlea huku akiwa tayari kwenye ajira. Hilo halihitaji shilingi, na lingeipa klabu ndogo mwaka wa pili ambao huwa inaukosa.

Kuna pendekezo la pili ambalo najua litaonekana la uchokozi. Vikosi vina kambi Pemba. Askari wake wanaishi Pemba, wanaoa Pemba, wanalima Pemba. Kwa nini timu zao zote za Ligi Kuu ziwe na makao Unguja? Kama mojawapo ingehamishia timu yake Chake Chake au Wete, kijana wa Pemba angepata ajira bila kuhama kisiwa, timu za Unguja zingelazimika kuvuka bahari mara nyingi zaidi, na Gombani ingekuwa na timu inayogombea ubingwa. Kwamba watu wapo haina shaka: Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa pale kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes walilitwaa kwa kuifunga Burkina Faso 2–1 kwenye nyasi bandia za Gombani. Hatari yake ni kwamba timu hiyo ya kikosi itazimeza klabu za vijiji haraka zaidi kuliko sasa, kwa kuwa ziko mlangoni pake. Ndiyo maana pendekezo hili haliwezi kwenda bila lile la fidia.

Kwa upande wa klabu zenyewe kazi iliyobaki ni ya makaratasi, na hapa Pemba haiwezi kumlaumu mtu. Sheria za FIFA zinatenga asilimia tano ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka kumi na mbili hadi ishirini na tatu. Vijana wa Zanzibar wanaovuka kwenda Bara, kisha baadhi yao nje ya nchi, wanaacha nyuma yao haki za namna hiyo, na Zanzibar kwa kuwa haimo FIFA inalazimika kuzifuatilia kupitia TFF, shirikisho la mpira la Tanzania. Safari ni ndefu hata kwa mwenye nyaraka zote. Kwa klabu ambayo orodha ya wachezaji wake wa Juvenile iko kwenye daftari la mwalimu mmoja wa skuli, na mwalimu huyo amehamishwa, hakuna safari kabisa. Cheti cha kuzaliwa, fomu ya usajili ya kila mwaka, picha, sahihi ya mzazi: mambo yanayoweza kuwekwa kwenye bahasha moja kwa kila mtoto. Klabu nyingi changa zinatumia nguvu zaidi kutafuta mshambuliaji wa dirisha dogo kuliko kuzihifadhi bahasha hizo.

Kwa hiyo timu nyingine ya Pemba itakapopanda Ligi Kuu, na itapanda, maana kizazi kingine kiko viwanjani sasa hivi baada ya Alasiri, usimuulize mwenyekiti wake amemsajili nani. Muulize wale vijana saba au wanane waliomfikisha pale, wangapi wana mkataba unaovuka msimu wa kwanza, na wadogo zao wanaocheza Central wamesajiliwa kwa jina la nani.